Barua kwa mwanangu: saa za Uwanja wa San Marco

Mwanangu mpendwa,

Sasa umeshakata tiketi ya Venice, na najua siku ya kwanza tu miguu itakupeleka Uwanja wa San Marco. Pale kuna bamvua mbili, ya maji na ya watu. Usipozijua saa zake utarudi na viatu vilivyoloa na picha za migongo ya wenzako.

Nianze na maji. Uwanja ule uko sehemu ya chini kabisa ya mji. Wenyeji hupima kina kutoka alama ya zamani iliyoko Punta della Salute, na bahari ikifika sentimita 80 hivi juu ya alama hiyo, mawe ya uwanja huanza kulowa. Usikae ukitazama ufukweni, kwa sababu maji hayaji kwa mawimbi. Yanachomoza chini ya miguu yako, kupitia matundu ya mifereji. Tangu Oktoba 2020 kuna malango makubwa ya chuma yaitwayo MOSE, ambayo huinuliwa kuizuia bahari. Lakini kwa kawaida huinuliwa pale utabiri unapofika sentimita 110, kwa hiyo siku ya 90 au 100 uwanja unaweza kulowa ingawa malango yapo na ni mazima. Wengi hawalijui hili, wakisikia MOSE wanaacha gambuti hotelini.

Ukienda kati ya Oktoba na Januari, soma utabiri wa Centro Maree, ofisi ya mji inayotabiri kina cha maji, kila asubuhi. Ukikuta 100, elewa kwamba penye bonde uwanjani maji yatakuwa ya sentimita 20 hivi, na gambuti za chini ya goti zinatosha. Usighairi safari. Maji yakishajaa huanza kupwa, na saa tatu baadaye mara nyingi pameshakauka. Maji yanapokuwa juu hutandazwa vichanja vya mbao vya kupitia. Shika upande wa kulia, na usisimame kupiga picha, maana nyuma yako kuna mlolongo wa watu wasio na pa kukupisha.

Bamvua ya watu ni ya kila siku. Wageni wa kutwa huingia kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi na kuondoka jioni. Kwa hiyo lala mjini, hata kama chumba ni kidogo, uwe uwanjani kabla ya saa mbili asubuhi. Jua la asubuhi huja kutoka upande wa basilika, kanisa kuu la San Marco lililo uwanjani, kwa hiyo dhahabu iliyo usoni mwa jengo huwaka vizuri zaidi alasiri. Asubuhi ni ya kutembea, alasiri ni ya kutazama. Kuna siku fulani za mwaka ambapo wageni wa kutwa hulipa ada ya kuingia mjini, euro 5 ukijiandikisha mapema na 10 ukichelewa. Anayelala mjini halipi, ila hujiandikisha mtandaoni apate kibali cha msamaha. Fanya hivyo kabla ya kusafiri.

Basilika: mabega na magoti yafunikwe, nawe beba mtandio. Begi kubwa la mgongoni hukataliwa mlangoni, na watu hupoteza zamu yao kwa ajili hiyo. Nunua tiketi ya saa maalumu mtandaoni. Jumapili asubuhi ni ya ibada, watalii huingia mchana. Ulipie pia ngazi ya kwenda juu, usibane hela hapo, kwa sababu farasi wanne wa shaba walioletwa kutoka Constantinople baada ya 1204 wamehifadhiwa humo ndani. Wale wa nje ni nakala. Tiketi hiyohiyo hukutoa kwenye roshani, uuone uwanja mzima ukiwa juu kidogo tu ya vichwa vya watu.

Mnara wa kengele una urefu wa mita 98.6 na unapandwa kwa lifti. Wa kale uliporomoka tarehe 14 Julai 1902, huu ulifunguliwa 1912. Upepo ukiwa mkali hufungwa, basi usiuache hadi siku ya mwisho.

Kasri la Doge, mtawala wa Venice ya zamani, lahitaji saa tatu. Tiketi yake ikinunuliwa siku 30 kabla hupungua bei, na inakuingiza pia jumba la makumbusho la Museo Correr, upande wa pili wa uwanja. Anzia Correr ukikuta foleni ndefu kasrini.

Usiketi kwenye ngazi wala chini ya matao, na usile hapo. Ni marufuku na kuna faini. Kuwalisha njiwa pia kumekatazwa tangu 2008, kwa hiyo mtu akikutilia punje mkononi, zirudishe. Kahawa ya mezani nje huongezewa ada ya muziki bendi inapopiga. Ukisimama kaunta ndani, utalipa kidogo zaidi ya bei za kawaida.

Boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75, ya saa 24 ni euro 25. Ukijua utapanda mara tatu kwa siku, chukua ya pili. Gusisha tiketi kwenye mashine kila unapopanda.

Jioni, ukichoka na msongamano, vuka hadi kisiwa cha San Giorgio Maggiore. Mnara wa kanisa lake una lifti, foleni ni fupi, na kutoka pale utauona uwanja wenyewe, kasri na mnara vikiwa pamoja, jambo ambalo ukiwa juu ya mnara wa San Marco haliwezekani. Panda boti namba 2 kutoka kituo cha San Zaccaria, karibu na uwanja; ni kituo kimoja tu. Angalia vizuri jina la gati kabla ya kupanda, maana San Zaccaria ina magati kadhaa yaliyopangana, na boti namba 1 itakupeleka hadi kisiwa cha Lido.

Mama yako