Barua kwa binti yangu anayekwenda kununua laptopu

Likasi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako tumeusoma mimi na mama yako, na furaha ya kusikia kwamba umeingia mwaka wa pili wa uhandisi bila somo hata moja la kurudia bado imejaa humu nyumbani. Lakini habari ya yule muuzaji wa pale mjini Lubumbashi, aliyekuwekea pembeni laptopu ya “Core i7, mpya kabisa” na kukupa mpaka Jumamosi umpelekee dola 350, ndiyo iliyonifanya niketi niandike, badala ya kumkabidhi kaka yako, mtoto wa shangazi, bahasha pamoja na salamu za mdomo. Ndani ya bahasha mna dola hizo 350. Ninakuomba, na ombi hili nitalirudia hata ulichoke: zisitoke mkononi mwako kabla mashine haijawashwa mbele yako, na kabla wewe mwenyewe hujasoma kilichomo ndani yake.

Nimeshangaa kwamba wewe, mtu wa hesabu, umeniandikia “i7”, jina la prosesa, yaani ubongo wa mashine, ukaishia hapo. Namba zinazofuata ndizo zinazosema umri wa mashine. i7-4600U ilitoka mwaka 2013 na ina viini 2 tu, yaani sehemu za prosesa zinazogawana kazi, wakati i5-8350U ya mwaka 2017 ina viini 4 na itaiacha mbali sana, ingawa jina lake linasikika dogo. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake, na kuanzia kizazi cha 10 utatazama tarakimu 2 za mwanzo, kama katika i5-10210U. Wala kizazi si jambo la kujivunia mbele ya wenzako: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida huzikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Anayekuuzia i7 ya kizazi cha 4 au cha 6 anakuuzia mashine ambayo Microsoft yenyewe imekwisha kuiacha nyuma, hata kama ameifunga kwa nailoni inayong’aa.

Uliniuliza kati ya HP, Dell na Lenovo ipi iliyo bora, kisha ukaongeza kwamba Lenovo huitaki kwa sababu ni ya Wachina. Hilo la pili sikulipenda. ThinkPad ilianzishwa na IBM ya Marekani mwaka 1992, Lenovo ikainunua kazi hiyo mwaka 2005, na hadi leo ni miongoni mwa mashine ninazoziamini kuliko nyingine. Kampuni zote tatu hutengeneza mashine za namna mbili, na tofauti iliyopo kati ya namna hizo mbili ndani ya kampuni moja ni kubwa kuliko tofauti ya kampuni na kampuni. EliteBook na ProBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad za Lenovo zimekusudiwa kazi za ofisi: bawaba zake ni imara, zinafunguka kwa bisibisi, na vipuri vyake fundi anavijua. Pavilion, Inspiron na IdeaPad ni za matumizi ya nyumbani. Nyingine ni nzuri, nyingine ni plastiki tupu.

Kwa dola 350, ukishikilia kwamba lazima itoke kwenye katoni, ninahofu utapewa yenye Celeron, prosesa dhaifu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, ile ya polepole, ya GB 64. Hiyo ni mpya kweli, lakini AutoCAD, programu ya kuchorea, ya miaka hii inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, nawe utakesha ukiitazama ikifunguka. Mimi ningechukua iliyotumika ofisini: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au Latitude 7490. Zote tatu zilitoka mwaka 2018, na kila moja ina nafasi 2 za RAM, kwa hiyo ukianza na GB 8 unaweza kuongeza baadaye. T480 ina pia betri ya nje inayochomolewa bila kufungua mashine, jambo ambalo utalifurahia huko unakopanga, SNEL, shirika la umeme, inapokata umeme jioni ya kuandaa mtihani. Usome tu namba ya prosesa hata hapo, maana baadhi ya mashine zenye majina hayo hayo zilitoka na kizazi cha 7. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. MacBook tuiache: RAM yake haiongezwi baada ya kununua, na bei yake si ya bahasha hii.

Utakapofika dukani, omba kiti ukae. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, nawe utaona jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Kibandiko kilichobandikwa karibu na kibodi usikisadiki, kwani mtu yeyote anaweza kukibandika. Kisha fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na katika faili litakalotokea linganisha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo iliobaki nao. Ikiwa iliundwa na mWh 50,000 na sasa inafikia 25,000, nusu yake imekwenda. Halafu uizime na kuiwasha tena ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad, ili uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikikudai neno la siri ambalo muuzaji halijui, simama, muage na uondoke. Kibodi pia uitazame, kwa kuwa unaandika kazi zako kwa Kifaransa na AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, ya Ubelgiji inatofautiana kwa alama kadhaa na ile ya Ufaransa. Yote haya ni kabla ya pesa, mwanangu. Baada ya pesa hayatakusaidia kitu.

Sasa bei. Aliyokutajia ni sawasawa na kiasi tulichokuahidi, na jambo hilo limeninyima usingizi, kwa maana linanionyesha kwamba ulikwisha kumwambia una kiasi gani. Pita kwanza kwenye maduka mengine mawili au matatu, uulize mashine ya aina hiyo hiyo, bila kutaja ulichonacho. Weka dola 280 katika mfuko mmoja na zilizobaki azishike kaka yako. Anza na 240. Kila kasoro uliyoiona iseme kwa sauti ya heshima: “Papa, betri imebaki nusu, na mpya nitainunua kwa pesa gani?” Akigoma kushusha, aongeze RAM nyingine ya GB 8, au chaja yenye nguvu inayotakiwa, au mfuko wa kubebea. Uliza pia mapema kama bei ni ya dola au ya franka, na anabadilisha kwa kiwango gani. Noti nimezichagua moja moja, hakuna iliyochanika hata pembeni, usizikunje.

Ninajua hupendi kumfanya mtu mzima akungoje. Mama yako anasema kwamba mimi ndiye niliyezidisha kukufundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, na safari hii sikumbishia. Kumwambia muuzaji “hapana, papa, nitarudi” si utovu wa adabu. Jumamosi aliyokuwekea si sheria; mashine ikiondoka, nyingine itakuja. Kama kaka yako ana kazi siku hiyo, mwombe shangazi yako wa Kamalondo akusindikize, kwa sababu yeye hajawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote.

Faktura iandikwe aina ya mashine, namba ya prosesa, namba ya seri na muda wa garanti, tena namba ya seri uilinganishe na iliyo chini ya mashine. Kitakachobaki usinirudishie: nunua multiprizi (soketi ya kuchomekea vifaa vingi) yenye kinga ya umeme, na kingine ukitunze, kwa kuwa zamu ya mama yako katika likelemba, mchango wao wa kupeana kwa zamu, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya pesa hizi, na nyingine itangoja hadi mwakani. Minervali, yaani ada ya shule, ya mdogo wako tumeilipa nusu, mkurugenzi amekubali kungoja.

Kaka yako amebeba pia unga wa bukari na sombe iliyokaushwa. Gunia lirudi naye. Nipigie simu ukiwa bado umekaa dukani, mashine ikiwa imewaka na pesa zikiwa bado mfukoni, unisomee ile namba ya prosesa, hata kama muuzaji amesimama hapo anakutazama.

Baba yako