Betri mbovu si chuma chakavu

Mhariri,

Nachaji betri za magari hapa Temeke, mwaka wa 14 sasa. Kila wiki hupita kijana na mkokoteni akinunua betri mbovu kwa kilo, kama rimu iliyopinda. Kwa kuwa hataki kulipia uzito wa maji ya betri, yaani asidi, anazipindua kwanza mtaroni. Saruji inatoa povu.

Mkataba wa Basel wa 1989, wa kimataifa kuhusu kusafirisha taka hatarishi kati ya nchi, unaihesabu betri hiyo, nzima au iliyopondwa, kuwa taka hatarishi, namba A1160 katika orodha yake. Kinachotazamwa ni kilichomo: madini ya risasi ni sumu, asidi inaunguza. (Suruali zangu zote zina matundu mapajani.)

Wakaguzi wakija huniuliza leseni tu. Naomba waanzie kwenye mizani ya chuma chakavu.

Fundi chaji,
Temeke, Dar es Salaam