Kichwa kinaingia, lakini mashini haisikii

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Likasi aliandika katika ukurasa huu kwamba mwenye kompyuta ya zamani iliyoharibikiwa kibodi (klaviye, kama tunavyosema huku) asihangaike: atafute kibodi yoyote ya zamani yenye kichwa cha duara cha pini 5, achomeke, kazi iendelee. Kuingia, inaingia. Mimi nilichomeka hivyohivyo mwezi wa pili, na nusura nitupe mashini nzima kwa sababu ya neno hilo "yoyote". Naomba nafasi nieleze, maana najua hapa Lubumbashi bado kuna ofisi, parokia na nyumba za watu zenye mashini kama yangu chini ya meza.

Mimi ni dakitilo, yaani mchapaji. Nilijifunza kuchapa mwaka 1986 kwenye mashini ya chuma, ile ambayo kidole cha mwisho kinauma kabla hujamaliza ukurasa, na tangu 1994 nina kibanda cha kuchapa na fotokopi katika komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Nyumbani nina kompyuta ya IBM, aina ya XT, niliyoinunua mwaka 1992, ofisi moja ilipokuwa inauza vyombo vyake. Aina hiyo ilitoka mwaka 1983. Haina hata saa ndani. Kila ukiiwasha inakuuliza tarehe ya leo. Kwa mashini hiyo niliandika, hadi mwaka 1999, hesabu zote za umoja wa akina mama wa mtaa wetu: nani alitoa mchango wa msiba, nani alipokea likelemba (fedha za kuchangiana kwa zamu), nani alikopa na alirudisha lini. Makaratasi yaliliwa na mchwa. Zimebaki diskete 19, zile pana za inchi tano na robo zinazopinda mkononi, kila moja ya kilobaiti 360. Katika kibanda changu hakuna kompyuta yenye mdomo wa kuzipokea.

Mwaka huu viongozi wapya wa umoja walimwambia mama mmoja, mzee wa miaka zaidi ya 80, kwamba jina lake halimo kati ya waliochanga, kwa hiyo umoja hauna deni kwake. Alinijia nyumbani akakaa kimya kwanza, halafu akaniuliza: "Dakitilo, si ni wewe uliyekuwa unaandika?" Ni mimi. Nilikumbuka hata siku alizochelewa akaomba radhi. Lakini kumbukumbu ya mtu mmoja si karatasi ya kuweka mezani.

Basi nikaitoa XT chini ya meza. Kioo kiliwaka, ikahesabu kumbukumbu yake hadi 640 KB OK, na kisha ikatoa namba 301, ambayo ni alama ya kosa la kibodi. Ikasoma diskete, ikauliza tarehe. Nikagonga namba, hakuna kitu. Kibodi yake ya asili, ya vitufe 83, ilikuwa imekufa. Ndani yake, kati ya mabati mawili, kuna sifongo nyembamba. Baada ya miaka mingi sifongo hiyo inageuka unga, na vitufe haviwezi tena kukaa vizuri juu ya bamba la umeme. Ukiifungua, unga mweusi unakushika vidole.

Sokoni Kenya nilipata kibodi nyingine ya IBM kwa dola 5, AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa), aina ya Model M, ikiwa na lebo ya mwaka 1989 mgongoni. Ilikuwa juu ya lundo la vyuma vya kuuzwa kwa kilo. Ina uzito wa kilo 2 na zaidi, kwa maana ndani yake kuna bamba la chuma. Naomba wasomaji waniamini mimi niliyechapa miaka karibu 40: hakuna kibodi ya leo inayoifikia. Chini ya kila kitufe kuna springi. Ukibonyeza, inavumilia, inavumilia, kisha inapinda ghafla na kukipiga kinyundo kidogo. Sikio linasikia na kidole kinajua kwamba herufi imeingia. Huna haja ya kutazama kioo. Nilipoijaribu pale sokoni bila waya nilisimama kwa muda, kwa maana vidole vyangu vilikuwa vimerudi kwenye mashini ya mwaka 1986.

Kichwa chake kilikuwa cha duara, pini 5. Kiliingia kwenye XT bila nguvu. Namba 301 ikarudi, tarehe ikaulizwa, nami nikagonga bure.

Nikaipeleka mashini kwa fundi mmoja katikati ya mji. Alichomeka kibodi ileile, akatazama 301, akasema mashini imekufa, kadi kubwa (bamba kuu la umeme la ndani) imeungua, na akaomba dola 40 kwa uchunguzi. Hakufungua hata skrubu moja. Nilirudi nayo nyumbani kwenye teksi, nimeipakata, nikawaza kumwambia yule mama kwamba nimeshindwa.

Aliyeniokoa ni kijana wa komini ya Kampemba anayetengeneza simu. Alisikiliza, akatazama kibodi mgongoni, akatazama mashini, akasema: "Mama, mashini haiyakufa. Hawasikilizane tu." Ndipo akanifundisha jambo ambalo msomaji wa Likasi hakulijua, na wala mimi sikulijua.

Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe. Ukibonyeza kitufe cha nafasi kwenye kibodi ya XT, inatuma 57. Ukikiachia, inatuma 185, yaani 57 na 128 juu yake. Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta nyingine, AT, na humo ikabadilisha lugha. Kitufe kilekile cha nafasi sasa kinatuma 41, na ukikiachia kinatuma namba mbili, 240 na 41. Kila namba inafungwa katika biti 11 (alama za 0 na 1), pamoja na biti ya kuhakikisha kwamba ujumbe haukupotoka njiani. XT inangojea kifurushi kifupi zaidi, kisicho na biti hiyo. Tena kwenye AT kompyuta nayo inaweza kuiambia kibodi kitu, kwa mfano iwashe taa ya herufi kubwa. XT haisemi na kibodi hivyo, inapokea tu. Lakini kichwa cha waya hawakukibadilisha! Pini 5 zilezile, na volti 5 zilezile. Mwaka 1987 walipotoa kompyuta za PS/2 walifanya kinyume: wakaleta kichwa kidogo cha pini 6, lakini wakabaki na lugha ileile ya AT. Ndiyo maana kibodi yenye kichwa kidogo inafanya kazi kwenye AT kwa kuiwekea kiungo cha dola 1, lakini yangu, ambayo kichwa chake kinalingana kabisa na tundu la XT, haifanyi kazi kwenye XT. Kuna Model M chache za mwanzo zinazojua lugha zote mbili. Yangu si mojawapo.

Kijana huyo alichukua kibao kidogo cha Arduino, ambacho ni kama kompyuta ndogo sana, akakiandikia programu ya kusikiliza lugha ya AT upande mmoja na kusema lugha ya XT upande wa pili. Ilimchukua jioni mbili. Ilikosekana tundu la kuchomekea kibodi. Akalitoa kwenye redio ya Grundig iliyokufa, kwa kuwa kichwa hicho cha duara ni cha kawaida ya Kijerumani na kiliwekwa kwenye redio na rekoda nyingi. Fikirini basi: kichwa cha kibodi yangu kinaingia hata kwenye redio. Nani atasema kwamba redio itaandika barua?

Alinitoza dola 12 kwa yote. Nilimwongezea.

Siku tuliyowasha, 301 haikutokea. Ikauliza tarehe, nikaandika siku, mwezi na mwaka kwa tarakimu 4, ikakubali. Herufi A ikatoka Q, lakini hilo si ugonjwa: namba ya kitufe ni moja popote, na DOS, programu inayoendesha mashini, ndiyo inayoamua herufi. Niliandika KEYB FR, amri ya kuchagua kibodi ya Kifaransa, na A ikarudi mahali pake. Ninayaandika haya kwa makusudi, kwa sababu mwingine akiona Q atadhani kiungo kimeharibika na atakata waya.

Kwa mafundi wa mji huu nina ombi, na nalitoa kwa heshima. Mtu akikuletea mashini ya namna hii, geuza kibodi kwanza. Kibodi nyingi za miaka ile zina kiswichi kidogo mgongoni chenye maandishi XT na AT, au X na A. Pengine kukisogeza tu kunatosha, na mteja wako anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Zima umeme kabla ya kuchomeka au kuchomoa, maana tundu hizi hazikutengenezwa kwa kuchezewa zikiwa na moto. Na usitamke kwamba kadi imeungua wakati kioo kinakuonyesha 640 KB OK. Kadi iliyoungua kabisa haihesabu.

Wachuuzi wa vyuma nao, jamani, kibodi nzito msizivunje kwa ajili ya bamba lake. Kwa kilo utapata kidogo sana. Dakitilo atakulipa zaidi, nami ni wa kwanza.

Jumamosi iliyopita nilipeleka kwenye mkutano wa umoja karatasi 31 zilizotoka kwenye printa yangu ya zamani ya nukta. Jina la yule mama limo kuanzia mwezi wa tatu 1993, na michango yake ya misiba 14. Viongozi walisoma, wakaomba radhi mbele ya watu, na yeye akasema anataka nakala ya kuweka nyumbani. Nimemchapia mbili. Diskete 3 bado zinagoma kusomeka. Nasafisha kichwa cha kusomea, nazijaribu tena kila jioni umeme ukiwepo, kwa maana ndani yake mna mwaka 1996 wote, na kuna akina mama wengine wawili wanaosubiri.

Dakitilo wa komini ya Kenya,
Lubumbashi