Barua kwa Baba kuhusu Msimu wa Virginia

Charlottesville, Virginia
16 Aprili 2019

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima wa afya, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu tulipozungumza. Mimi huku sijambo. Baridi imeanza kupungua, miti imechanua, na kazi na masomo vinaendelea vizuri.

Baba, mwishoni mwa mwezi uliopita uliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu ipasavyo kwa simu. Ulitaka kujua huo ni mpira wa kikapu wa namna gani, ambao timu ya chuo kikuu inaingia robo fainali ya taifa kwa kushinda 53 kwa 49, ilhali vijana wako pale Don Bosco, Upanga, hufikisha pointi hizo hata siku wanayocheza ovyo. Sasa msimu umekwisha, Virginia ni mabingwa wa Marekani kwa mara ya kwanza tangu chuo hicho kianze kucheza mchezo huu, na mimi nimepata nafasi ya kukuandikia kwa utulivu. Mama aniwie radhi, maana barua yote itakuwa ya mpira.

Nianze na kanuni, kwa sababu sehemu ya jibu imo humo. Vyuo vya huku havichezi robo nne za dakika 10 kama mnavyocheza ninyi, bali vipindi viwili vya dakika 20, na timu yenye mpira hupewa sekunde 30 za kutupa badala ya 24. Timu nyingi hazizihitaji sekunde hizo zote, kwa kuwa zinakimbia na kutupa mapema. Kocha wa Virginia, Tony Bennett, yeye huzitumia karibu zote. Vijana wake wanazungusha mpira, wanawekeana vizuizi, yaani mmoja anasimama kumzibia mlinzi njia ili mwenzake apate nafasi, wanarudi walikotoka, wanaanza upya, mpaka mlinzi mmoja wa upande wa pili achelewe hatua moja, na hapo ndipo wanapotupa. Mchezo unakuwa na mashambulizi machache, hivyo pointi nazo zinakuwa chache kwa timu zote mbili, na kila kosa linakuwa ghali.

Sehemu kubwa zaidi ya jibu ni ulinzi. Mfumo wao ulianzishwa na baba yake kocha huyu, mzee Dick Bennett, ambaye mwaka 2000 aliifikisha Wisconsin kwenye nne bora. Mchezaji mmoja tu ndiye anayembana mwenye mpira. Wanne waliobaki hawawafuati watu wao hadi nje, bali wanakaa ndani ya mstari wa kufikirika, kama mita tano hivi kutoka kwenye kikapu, wakiwa wameelekeza kifua kwenye mpira, tayari kuziba njia ya yeyote atakayejaribu kupenya. Pasi za nje unaruhusiwa kupiga utakavyo. Kuingia ndani ndiko kusikowezekana, na sekunde zinapokuishia unalazimika kutupa kutoka mbali huku mkono wa mtu uko usoni mwako. Msimu huu wapinzani walipata wastani wa pointi 56 hivi kwa mchezo, na hakuna timu ya daraja la kwanza nchini kote iliyofungwa pointi chache kuliko hizo.

Niliushuhudia kwa macho yangu tarehe 9 Machi, mfanyakazi mwenzangu aliponipatia tiketi ya mchezo wa mwisho wa nyumbani, dhidi ya Louisville, katika ukumbi wa John Paul Jones. Siku hiyo walikuwa wakimuaga Jack Salt, senta mwenye misuli kutoka New Zealand, ambaye hafungi sana lakini vizuizi vyake vinawafungulia wenzake njia. Nilifanya kama ulivyotufundisha tulipokuwa wadogo: niliacha kuufuata mpira kwa macho, nikaangalia miguu ya walinzi. Kila pasi ilipoondoka mkononi mwa mpinzani, miguu yote kumi ilisogea pamoja kabla mpira haujamfikia aliyetupiwa, hatua mbili fupi za kuteleza, magoti yamekunjwa, hakuna aliyesimama wima wala kuvuka miguu. De'Andre Hunter, ambaye mwaka huu ametajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yao ya ACC, alikuwa akinyoosha mkono mmoja kwa mtu wake na mwingine kwenye njia ya pasi, na hakuushusha hata mmoja. Virginia walishinda 73 kwa 68, wakamaliza ligi wakiwa wameshinda michezo 16 na kupoteza 2, sawa na North Carolina. Yote miwili walipoteza kwa Duke, ile timu ya Zion Williamson. Ungekuwa umekaa pale, Baba, nina hakika ungesimama kupiga makofi kwa ajili ya ile miguu.

Lakini msimu huu hauelezeki bila ule uliopita. Tarehe 16 Machi 2018, huko Charlotte, Virginia waliingia kwenye mashindano ya taifa wakiwa wamepangwa wa kwanza kati ya timu zote 68, wakakutana na UMBC, chuo cha Maryland kilichopangwa namba 16, yaani chini kabisa katika kanda yao. Tangu mwaka 1985 timu namba moja na timu namba 16 za wanaume zilikuwa zimekutana mara 135, na namba moja hawakuwahi kupoteza hata mara moja. Hadi mapumziko walikuwa 21 kwa 21. Mwisho wa mchezo ubao ulisoma 74 kwa 54, na waliofungwa ni Virginia. Hunter hakucheza kwa kuwa alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, lakini hilo halitoshi kueleza tofauti ya pointi 20.

Mji huu ulikuwa bado haujapona. Mnakumbuka mlivyonipigia simu Agosti 2017, mliposikia jina la Charlottesville kwenye taarifa ya habari, wale wabaguzi wa rangi walipoandamana hapa na mmoja wao akaivurumisha gari katikati ya watu na kumuua Heather Heyer. Miezi saba baadaye jina la mji likarudi kwenye televisheni nchi nzima, safari hii kwa kuchekwa. Sisemi kwamba mambo haya mawili yana uzito mmoja, wala hakuna hapa anayeyalinganisha. Nasema tu kwamba watu walikuwa wamechoka, na mpira ulikuwa moja ya vitu vichache walivyovifurahia pamoja.

Kilichonigusa ni jinsi kocha na vijana wake walivyoubeba msiba ule. Bennett alikwenda mbele ya waandishi usiku uleule, akawapongeza UMBC bila kutoa udhuru. Kyle Guy, gadi wao mwembamba, yaani mchezaji wa nje, aliweka kwenye simu yake picha yake mwenyewe akiwa ameinama kwa uchungu baada ya mchezo ule, awe anaiona kila siku, kisha akaandika hadharani kuhusu hofu na wasiwasi uliokuwa ukimsumbua. Kijana wa miaka 20 kusema jambo hilo mbele ya watu wote ni ushujaa, na natamani vijana wa kwetu nao wangeachiwa nafasi ya kusema hivyo. Watu wengi walimtaka kocha aachane na mchezo wake wa taratibu, wakidai kwamba hautatwaa ubingwa kamwe. Aliongeza njia chache za kushambulia, akawapa magadi wake uhuru zaidi wa kuusoma mchezo, lakini ule ulinzi wa baba yake hakuugusa.

Ndiyo sababu tarehe 22 Machi mwaka huu, walipokutana na timu nyingine iliyopangwa namba 16, Gardner-Webb, na wakajikuta nyuma kwa pointi 14 katika kipindi cha kwanza, mji mzima ulinyamaza. Kazini kwetu hakuna aliyethubutu kusema alichokuwa akikifikiria. Walishinda 71 kwa 56. Oklahoma wakafuata, kisha Oregon kwa zile 53 zilizokushangaza.

Mchezo wa robo fainali na Purdue, tarehe 30 Machi, nilikwenda kuutazamia kwa jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu aliyefika hapa na watoto wake kama wakimbizi. Wakongo ni wengi katika mji huu, na kwa kuwa tunaelewana kwa Kiswahili, nyumba yake imekuwa kama kwetu. Wanawe ni wafuasi wa Mamadi Diakite, kijana wa Conakry, Guinea, aliyekuja Marekani kusoma sekondari jirani na hapa na anayezungumza Kifaransa kama wao.

Carsen Edwards wa Purdue alifunga pointi 42 usiku ule, kumi kati ya mitupo yake ikiwa ya pointi tatu, na hapo ndipo ulinzi wa Bennett unapoonyesha udhaifu wake: ukiwa na mtu anayeweza kufunga kutoka mbali huku amebanwa, ule mstari wa ndani haukuzuii chochote. Zikiwa zimebaki sekunde 5.9, Virginia walikuwa nyuma 70 kwa 67, na Ty Jerome alikuwa na mitupo huru miwili. Wa kwanza uliingia, wa pili ukagonga chuma. Diakite akaruka na kuupiga mpira kwa ncha za vidole kuelekea nyuma, ukavuka mstari wa katikati, na Kihei Clark akaukimbilia. Clark ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye urefu wa mita 1.75 tu. Aliuokota akiwa mbali kabisa na kikapu, wakati unayoyoma, Jerome akiwa karibu naye anaudai. Yeyote kati yetu angempa Jerome, au angeutupa hewani na kuomba Mungu. Clark aliinua kichwa, akamwona Diakite amesimama peke yake upande wa kikapu, akampelekea pasi ndefu iliyonyooka kifuani. Diakite hakuudunda. Aliutupa palepale alipoupokea, mpira ukiwa hewani taa nyekundu za ubao zikawaka kuonyesha muda umekwisha, na ukaingia, 70 kwa 70. Yule mama wa Bukavu, ambaye tangu mwanzo alikuwa akichambua maharage bila kutazama televisheni, alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Katika muda wa nyongeza walishinda 80 kwa 75.

Mwambie mdogo wangu, anayelalamika kila siku kwamba ni mfupi mno kwa mchezo huu, aitafute pasi hiyo kwenye simu yako na aitazame mara nyingi. Asitazame mtupo wa Diakite. Atazame kichwa cha Clark, kinainuka lini.

Fainali yenyewe, tarehe 8 Aprili huko Minneapolis, ilitazamwa uwanjani na watu 72,062. Texas Tech nao ni wazuiaji wakali, na wengi walitabiri kwamba itakuwa fainali ya kuchosha. Haikuwa hivyo. Hunter, ambaye kipindi cha kwanza alikuwa kama hayupo, alifunga pointi 27, na zikiwa zimebaki sekunde 12.9 alitupa kutoka kona ya kulia pointi tatu zilizosawazisha 68 kwa 68. Katika muda wa nyongeza Virginia walipata mitupo huru 12 na wakaingiza yote 12. Matokeo yalikuwa 85 kwa 77. Kumbuka jinsi ulivyokesha mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alipofika nne bora na UConn kule Detroit. Huku nami nilikesha hivyohivyo, na mitaa ilijaa watu hadi usiku mwingi. Jumamosi iliyopita timu ilipokelewa kwenye uwanja wa Scott, nami nilikuwepo.

Nimeruka nusu fainali kwa makusudi, Baba, kwa sababu nataka hukumu yako kama mwamuzi wa zamani. Virginia waliwafunga Auburn 63 kwa 62. Sekunde za mwisho, wakiwa nyuma kwa pointi mbili, Jerome aliudunda mpira ukagonga mguu wake, akaushika kwa mikono miwili, kisha akaudunda tena, jambo lisiloruhusiwa. Filimbi haikulia. Auburn wakamfanyia faulo, mpira ukarushwa kutoka pembeni kwa Kyle Guy, naye akaguswa akiwa anatupa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 0.6, na hapo filimbi ikalia, akapewa mitupo huru mitatu. Aliingiza miwili ya kwanza, kocha wa Auburn akaomba mapumziko ili kumtia hofu, akarudi akaingiza wa tatu. Ile faulo naiona ilikuwa ya haki, kwa kuwa mlinzi aliingia chini ya miguu ya mtupaji. Lakini ule mdundo wa pili nimeutazama tena na tena, na ingawa naipenda timu hii, siwezi kusema mpira haukustahili kuwa wa Auburn. Wewe ungepuliza? Na ukiwa umekosa kuuona mdundo, ungekuwa na moyo wa kuipuliza faulo ya sekunde 0.6 mbele ya umati ule? Niandikie unavyoona, na umshirikishe Mzee mwenzako wa Chang'ombe, maana najua hamtakubaliana.

Nimemtumia Mama fedha za dawa kwa njia ileile ya siku zote. Nawatakia nyote Pasaka njema.

Binti yenu awapendaye,
Neema