Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa, Mbale

Ndugu wanachama,

Chanjo, dawa ya kupe na semina ya saileji (majani yaliyovundikwa ya kulishia ng'ombe) mliziona wenyewe, sizirudii. Wanachama tuko 58, waliomaliza ada ya shilingi 40,000 ni 21, deni ni 1,480,000. Mkutano wa Agosti tulihudhuria 11, pamoja na mwenye ukumbi.

Sasa lile linalosemwa pembeni: kwamba mwenyekiti amekula hela ya pampu kwa kupeleka takataka Kampala, yaani sampuli za taka za sokoni tunazolishia ng'ombe, zipimwe kama zina dawa za wadudu. Kamati ndiyo iliyoamua, muhtasari upo. Wazo lilikuwa langu, silikani. Zilitumika 1,150,000, maabara, nauli na barafu. Risiti anazo mweka hazina.

Kabichi zinashuka kwa malori kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Muuzaji anabandua majani ya nje ili mnunuzi aone kitu safi, na hayo hayo yaliyopokea dawa ya wadudu ndiyo tunayoyabebea ng'ombe kwa magunia kwa sababu ni ya bure. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, nani anazihesabu kwa ajili ya taka? Mzee mmoja alisimama akasema tuyaanike, jua litamaliza. Jua huvunja baadhi ya dawa, ni kweli, lakini hukausha maji pia, na dawa iliyobaki inakuwa nyingi zaidi kwa kila kilo ya makavu. Saipamethrini, mojawapo ya dawa hizo za wadudu, hupenda mafuta. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea kwenye maziwa.

Majibu yalikuja: kabichi ilikutwa na saipamethrini na profenofosi, nayo dawa ya wadudu. Maganda ya matoke na mabua ya mahindi hayakuonyesha kitu katika dawa zilizopimwa. Ndipo tukasema maziwa ya anayelisha kabichi ya sokoni yasiingie kwenye tanki la chama. Sikumfukuza mtu, ingawa wapo waliojifukuza wakaacha na ada.

Wanaodai sampuli chache hazisemei soko zima wana hoja. Niliomba kila mmoja alete gunia lake. Wakaleta wanne, na waliolalamika zaidi hawamo.

Mwakani, Mungu akipenda na ada zikiingia, tutapima maziwa yenyewe, na pampu nayo tutaiangalia. Afisa mifugo ameahidi kutusaidia namna ya kuchukua sampuli. Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha risiti mpaka mkutano uishe.

Mwenyekiti