Mzambarau wa nyuma ya ukuta

Pune, India

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mvua za huku wiki ya pili hazijakata.

Uliniuliza imekuwaje nikaacha mikataba nikahamia kesi za ardhi. Ni huyu mzee mwenye nyumba wangu. Nyuma ya ukuta ana kiwanja chenye mzambarau mkubwa na matuta ya mchicha, na kila alfajiri namsikia akimwagilia. Juzi akanitolea faili la marehemu baba yake. Kwenye daftari la ardhi, ambalo huku huitwa satbara, jina la familia limekatwa kwa mstari, juu yake limeandikwa la serikali.

Chanzo ni sheria ya 1976 iliyoweka kikomo cha ardhi tupu mijini: mita za mraba 500 Mumbai, 1,000 hapa Pune. Kilichozidi kilitwaliwa ili wasio nacho wapate makazi, na fidia haikuruhusiwa kuvuka rupia 200,000. Nia ilikuwa njema, hilo silibishi. Bunge likaifuta 1999, majimbo yakafuata moja moja, Maharashtra, jimbo la hapa Pune, mwaka 2007. Kesi zikachachamaa hapo, maana sheria iliyoifuta inasema serikali ikiwa ilishaishika ardhi, ni yake. Ikiwa haikuishika, shauri limekufa.

Sasa kushika ndiyo nini, Neema? Hati ya makabidhiano ya mzee nimeisoma mwenyewe. Ukurasa mmoja, mashahidi wawili, na mahali pa saini ya mwenye ardhi pako wazi. Mzee anasema hakuna aliyewahi kukanyaga pale.

Mwaka 2013, katika kesi ya Jimbo la Uttar Pradesh dhidi ya Hari Ram, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ardhi kuwa ya serikali kwenye tangazo hakutoshi. Lazima mwenyewe aikabidhi kwa hiari, au apewe notisi, na akikataa ndipo atolewe kwa nguvu. Nilipofika hapo machozi yalinilenga. Ila mwaka 2014, katika kesi iliyotoka jimbo la Assam, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba aliyeondolewa kweli, akanyamaza miaka, hawezi kuja baadaye kulalamikia notisi. Mzee wetu naye amenyamaza mno. Tofauti yake ni kwamba hajaondoka, na hiyo ndiyo hoja nitakayoishikilia.

Jumatatu nampeleka kwa wakili. Usiku huu napanga stakabadhi zake za kodi mwaka kwa mwaka. Za miaka ya themanini zimeliwa na mchwa, nazifunua kwa ncha ya kisu.

Tuombee.

Wako,
Asha