Mapishi ya Jumamosi: mchuzi wa mboga wa Kihindi

Ndugu wanakikundi, salaam.

Jumamosi hii tutakutana nyumbani kwangu saa 4:00 asubuhi kupika mchuzi wa mboga wa Kihindi usio na nyama, maziwa wala samli. Tutakaangia mafuta ya alizeti na kuufanya mzito kwa tui la nazi.

1. Mchango ni shilingi 5,000 kwa kila mmoja, ulipwe kabla ya Ijumaa jioni.
2. Wenye zamu ya mboga walete viazi, bilinganya na koliflawa, zote zikiwa nzima.
3. Viungo ninavyo. Tutaanza kwa kukaanga mbegu za haradali na bizari nyembamba mpaka zipasuke-pasuke na kunukia, hivyo atakayechelewa (mnajijua) atakosa hatua iliyo muhimu kuliko zote.

Tafadhali thibitisheni hapa kufikia Alhamisi usiku, ili nijue kiasi cha mchele wa kupika.